Jino Lizeeke na Mwenyewe

Upo usemi uliozoeleka mno katika lugha yetu kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa. Usemi huu hutumiwa hata na watu wasiofikiria habari za meno hata kidogo. Mtumishi mvivu akiachishwa kazi, au kiongozi mbadhirifu akiondolewa madarakani, watu husema kwamba jino bovu limekwisha kung'olewa. Kama ni msemo wa utawala, hatuna ugomvi nao. Lakini kwa habari ya meno yenyewe, yale yaliyomo kinywani mwa binadamu, usemi huu umeleta hasara kubwa. Leo tunapenda kuwaomba wananchi wa visiwani na wa mwambao wa Ziwa Victoria, pamoja na viongozi wa Serikali wanaowahudumia, waufikirie upya.

Wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba meno hung'oka kwa sababu ya uzee, kama vile majani ya mti yanavyopukutika wakati wa kiangazi ukifika. Kwa imani hiyo, mtu akifikisha miaka 60 na kubaki na magego mawili, jamaa zake hawashtuki, naye mwenyewe huona kuwa ni amri ya umri. La hasha. Jino halikuumbwa lidumu miaka arobaini tu kisha liondoke. Mtu mzima hupewa meno 32, na meno hayo yana uwezo wa kumtumikia mpaka siku yake ya mwisho. Yanayoyaondoa ni maradhi, wala si miaka; na maradhi hayo yanaweza kuzuiwa.

Maradhi yenyewe ni mawili hasa. La kwanza ni kuoza kwa jino. Vijidudu vinavyoishi kinywani hula sukari iliyobaki kwenye meno na kutoa tindikali, na tindikali hiyo hulainisha gamba gumu la nje la jino mpaka likatoboka. Gamba hilo halina mishipa ya fahamu, na kwa hiyo tundu huanza kimya kimya. Mwenye jino hahisi maumivu mpaka tundu limekaribia kiini. La pili ni ugonjwa wa fizi. Utando wa uchafu usiposafishwa kila siku hugeuka kuwa ukoga mgumu kama chokaa, fizi huvimba na kutoa damu, kisha mfupa unaoshika jino huliwa polepole. Hatimaye jino zima lisilo na tundu hata moja hulegea na kutoka. Huu ndio ugonjwa unaowadanganya watu wadhani kwamba ni uzee.

Hasara ya kuwa kibogoyo si ndogo, hasa kwa mtu wa nchi yetu hii. Vyakula vyetu vinataka meno. Mzee asiye na magego hawezi kutafuna michembe, wala karanga, wala mahindi ya kuchoma, wala muwa. Akiletewa nyama huibugia vipande, au humpisha mjukuu wake. Anabaki na uji na ugali wa kulowekwa kwenye mchuzi, na mwili wake hudhoofika katika umri ambao ulihitaji lishe bora kuliko wakati wowote. Aidha, matamshi yake huharibika, na mtu aliyezoea kusikilizwa barazani huanza kunyamaza kwa aibu. Zaidi ya hayo, usaha wa jino bovu si jambo la mzaha. Ukienea shingoni unaweza kuziba njia ya hewa na kuua. Tena wataalamu wamekwisha kuthibitisha kwamba ugonjwa wa fizi na ugonjwa wa kisukari huchocheana, kila mmoja ukiuzidisha mwenzake.

Meno ya bandia yapo, na tunawashukuru mafundi wanaoyatengeneza. Lakini nguvu yake ya kutafuna ni sehemu ndogo tu ya nguvu ya meno ya asili. Hutaka kuvuliwa usiku na kusafishwa kila siku, na ufizi unapopungua kwa miaka huanza kucheza kinywani na kuumiza. Hayo ni msaada kwa aliyekwisha kupoteza. Hayawi badala ya kutunza.

Sasa tuulize: kwa nini wananchi wetu wanapoteza meno ambayo yangeweza kuokolewa? Sababu ya kwanza ni kuchelewa. Mvuvi anapohisi jino linaguna akiwa kambini, hununua vidonge vya maumivu dukani na kurudi majini. Maumivu yakitulia, husahau. Yakirudi, hununua tena. Siku atakayovuka kwenda ng'ambo kutafuta tabibu, shavu limekwisha kuvimba na jino halina tena la kuokolewa. Hatuwezi kumlaumu sana. Kwa mtu wa kisiwani, safari ya kwenda kuonyesha jino ni nauli ya mtumbwi au ya feri, ni siku moja au mbili za kazi zilizopotea, na pengine ni kulala ugenini.

Sababu ya pili ni huduma yenyewe. Katika miaka ya 2000 watafiti wa meno nchini waliandika wazi kwamba kazi iliyokuwa ikitawala katika kliniki za Serikali ni kung'oa, na kwamba kuziba meno kulikuwa kazi ya nadra. Mahali ambapo pana koleo na sindano ya ganzi lakini hapana kitu cha kuzibia, tabibu hana la kufanya isipokuwa kung'oa, hata kama tundu ni dogo. Mwananchi naye, akiona kwamba kila aendaye kwa tabibu hurudi na pengo, huamua kutokwenda mpaka ashindwe kulala. Hivyo uchache wa huduma huzaa uchelewaji, na uchelewaji huzaa kung'oa, nao usemi wetu wa zamani huonekana kuwa ni kweli.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kung'oa ni kosa. Jino lililooza mpaka mzizini, lenye usaha, na lisiloweza kutengenezwa, halina budi kutolewa, na atakayelitoa kwa ustadi na usafi anastahili shukrani. Tunalokataa ni kung'oa kuwe ndio mwanzo na mwisho wa tiba.

Hapa ndipo tunapotaka kuwakumbusha viongozi wetu jambo moja ambalo Watanzania wengi hawalijui. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi na shule hiyo, pamoja na wenzake, walikabiliwa na tatizo hili hili la vijijini, yaani kwamba mashine ya kuchimbia jino haina maana pasipo umeme. Waliamua kutumia vifaa vya mkono tu. Sehemu iliyooza na kulainika iliondolewa kwa kijiko kidogo cha chuma, tundu likasafishwa na kujazwa saruji ya meno. Kwa kuwa hakuna mashine inayonguruma, na kwa kuwa sehemu iliyo hai ya jino haiguswi sana, mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye nchini Thailand tangu mwaka 1991 na nchini Zimbabwe tangu mwaka 1993, kisha Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote mwaka 1994, mwaka ambao Siku ya Afya Duniani ilikuwa juu ya afya ya kinywa.

Hivi ndivyo ilivyo: njia ya kuokoa jino mahali pasipo umeme ilizaliwa Tanzania, kwa ajili ya mwananchi wa kijijini, na leo inafundishwa katika vyuo vya dunia nzima. Itakuwa fedheha kubwa ikiwa mtu wa kisiwa cha Izumacheli au cha Maisome ndiye atakuwa wa mwisho kunufaika nayo.

Wala vifaa vyake si vya anasa. Vinaenea katika kisanduku kimoja kinachobebeka mkononi na kupakiwa mtumbwini. Kinachohitajika kila siku ni saruji yenyewe, iitwayo glasi ionoma, ambayo hushikamana na jino na kutoa floridi kidogo kidogo, madini yanayoimarisha gamba la jino. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya mswaki yenye floridi, na dawa ya maji yenye fedha na floridi ambayo hupakwa juu ya tundu ili lisiendelee, ingawa huliachia doa jeusi. Mwezi Mei wa mwaka huo huo, mkutano mkuu wa shirika hilo ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama ziache kungojea maradhi ya kinywa yakomae, ziyazuie mapema.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa mamlaka zinazohusika.

Kwanza, kila halmashauri yenye visiwa au makambi ya uvuvi ihakikishe kwamba tabibu wake wa meno anacho kisanduku cha vifaa vya mkono, na kwamba saruji ya kuzibia inaagizwa kutoka Bohari ya Dawa kwa utaratibu ule ule unaotumika kuagiza dawa nyingine. Ganzi na koleo visipatikane peke yake.

Pili, tabibu aende kwa wananchi. Iwekwe kalenda ya ziara za visiwani, itangazwe mapema makanisani, misikitini, mashuleni na mialoni, na iheshimiwe. Ziara hiyo inaweza kufuatana na ile ya kliniki ya mama na mtoto, ili boti moja na mafuta yale yale yafanye kazi mbili. Hapa pana jambo la mipaka pia. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo mpaka mwaka 2005, ilipopewa hadhi ya wilaya, na mwaka 2012 ikatoka Mkoa wa Kagera na kuingia Mkoa mpya wa Geita. Leo Izumacheli iko Geita, Maisome na Kome ziko Mwanza, na Ikuza iko Kagera. Lakini maji ni yale yale, na wavuvi huhama kufuata samaki wala si kufuata ramani. Waganga Wakuu wa mikoa hii mitatu wakikaa pamoja na kugawana zamu, kisiwa kilicho karibu na Muganza au Nyamirembe hakitangojea boti ya kutoka mbali kwa sababu tu ya mpaka uliochorwa juu ya maji.

Tatu, taarifa za huduma zionyeshe ukweli. Tungependa kila robo mwaka baraza la madiwani lisomewe hesabu mbili zikiwa kando kwa kando, yaani meno mangapi yameng'olewa na meno mangapi yamezibwa. Hesabu hizo hazina gharama, na zitamwonyesha hata asiye mtaalamu kama huduma inaokoa au inabomoa. Diwani akiona kwamba kwa kila jino lililozibwa yameng'olewa makumi, atajua la kuuliza.

Nne, wazee wapimwe kinywa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 na zaidi. Mzee anapokwenda kupimwa shinikizo la damu, aangaliwe pia fizi zake, asafishwe ukoga, na mizizi ya meno iliyo wazi ikaguliwe, maana fizi zikishashuka mizizi huoza upesi kuliko gamba la juu. Hali kadhalika, dawa nyingi wanazotumia wazee hukausha mate, na kinywa kikavu huoza haraka. Katika kutekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, kuziba jino kusihesabiwe kuwa ni urembo.

Tunafahamu jibu litakalotolewa na baadhi ya watumishi. Watasema kwamba iko malaria, kuna akina mama wajawazito, hayapo maji safi ya kutosha, na kwamba jino halijaua watu wengi kiasi hicho. Hayo yote tunayaheshimu, wala hatuombi shilingi iondolewe huko. Lakini mwanafunzi asiyelala kwa jino hafundishiki, na mvuvi mwenye shavu lililovimba havui. Na anayekuja kung'olewa meno sita kwa miaka kumi amemgharimu mwenyewe na Serikali zaidi ya yule aliyezibwa tundu moja mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inafaa kwa jino kuliko ule usemi wa kung'oa.

Hata hivyo, Serikali haiwezi kumpigia mtu mswaki. Sehemu kubwa ya kazi hii iko nyumbani, na huanza mapema mno kuliko wengi wanavyodhani. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hudhani ni jino la utoto, huliacha lioze wakisema litaota jingine. Halitaota jingine. Hilo ndilo jino ambalo mtoto huyo angelihitaji akiwa na miaka 80. Hivyo mzee asiye kibogoyo huandaliwa darasa la kwanza.

Na iko desturi moja mbaya zaidi, ya kuwatoboa watoto wachanga fizi ili kuondoa kile kinachoitwa meno ya plastiki, kwa madai kwamba ndiyo yanayoleta homa na kuhara. Hakuna meno ya plastiki. Kinachotolewa ni mbegu ya jino la mtoto, na mara nyingine mbegu ya jino la ukubwani huumizwa pamoja nayo. Watoto wamepoteza damu na kupata maambukizo kwa desturi hiyo, na wengine wamepoteza maisha. Homa ya mtoto ipelekwe zahanati.

Kwa mtu mzima, kanuni ni chache. Apige mswaki mara mbili kila siku, na mara ya usiku kabla ya kulala isikosekane. Asugue taratibu kwa muda wa dakika mbili, akifikia nyuma na mahali ufizi unapokutana na jino. Asiye na mswaki wa dukani asione haya kutumia ule wa mti, maana ndio uliotupatia jina lenyewe. Shirika la Afya Duniani limeukubali, mradi utafunwe uwe laini na usichokoe fizi. Lakini dawa ya mswaki yenye floridi ni muhimu, hasa kwa watu wa ziwani, kwa kuwa maji ya Ziwa Victoria yana floridi kidogo. Wenzetu wa baadhi ya sehemu za Shinyanga wana shida ya kinyume chake. Viko visima vyenye floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na shirika hilo, na watoto wanaokulia kwenye maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia. Huko dawa ni kutafuta chanzo kingine cha maji na kupunguza magadi katika mboga, kwani magadi nayo huweza kuwa na floridi nyingi.

Kisha ni sukari. Fedha ya dhahabu na ya sangara imeleta soda, biskuti na pipi mpaka kwenye vibanda vya mwisho vya mialo. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huweza kuwa na sukari ya vijiko vidogo tisa hivi. Linaloharibu meno zaidi ni mara ngapi kwa siku sukari inaingia kinywani, kuliko wingi wake kwa mara moja. Anayekunywa kidogo kidogo mchana kutwa huwalisha vijidudu mchana kutwa. Sigara na ugoro nazo huharibu fizi na huleta saratani ya kinywa. Ufizi unaotoa damu usiachwe ukadhaniwa umechubuka. Huo ni mgonjwa anayeomba tabibu.

Atakayedhani kwamba tunahubiri ndoto na atazame Japani. Mwaka 1989 nchi hiyo ilianzisha kampeni ya kumwezesha kila mtu kufika umri wa miaka 80 akiwa na angalau meno yake 20. Wakati ule wazee walioweza hivyo hawakufikia hata mmoja katika kila kumi. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu wameweza. Japani ni nchi tajiri, ni kweli, lakini msingi wa mafanikio hayo ulikuwa mswaki, mafundisho na kuwahi kwa daktari. Nasi si wageni wa kampeni. Mwaka 1973 taifa letu liliendesha ile ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio na kujifunza juu ya malaria, kichocho na kuhara damu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Meno hayajapata kampeni ya ukubwa huo. Yanastahili kuipata.

Tunatoa wito basi kwa halmashauri za mwambao na visiwa, kuanzia Chato, zipange katika bajeti yao ijayo vifaa vya kuziba meno na safari za kuvipeleka majini. Kwa wananchi, tunasema msingoje maumivu. Mwenye tundu dogo na avuke leo, adai lizibwe, na asikubali kung'olewa jino linaloweza kupona.